Kaka ana gari la viti saba, mimi nakopa nauli ya Krismasi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, nauza duka la nguo za watoto Kariakoo. Kwetu ni Kibosho, Moshi. Hapa mjini nimepanga chumba kimoja Mbagala, kodi 50,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anachukua ya miezi sita kwa mkupuo. Baba wa watoto alishaondoka, simsemi kwa ubaya, ila hatoi chochote. Mshahara wangu ni 220,000.

Kwetu Desemba ni lazima uonekane nyumbani. Usipoonekana watu wanauliza kama unaumwa au umefungwa. Zamani ilikuwa rahisi, unakwenda na kilo mbili za sukari na kitenge cha Mama, mambo yameisha. Lakini miaka mitatu hii kaka yetu mkubwa, ambaye ana kampuni ya kutoa mizigo bandarini na Mungu amembariki, ameanzisha utaratibu. Ndafu wawili, yaani mbuzi wa kuchomwa wazima, pombe ya mbege, turubai, mpiga muziki, mpiga picha, na sare ya kitenge familia nzima. Sisi watoto wa Mama tuko wanne: Kaka, dada yetu ambaye ni mwalimu Arusha, mimi, na mdogo wetu anayeendesha bodaboda Himo. Mwaka huu kila mmoja ameambiwa 150,000. Majina yamepangwa kwenye kundi la WhatsApp la familia, ukilipa unawekewa alama ya vema. Mwaka jana nilichelewa siku tatu, Kaka akaandika kwamba kuna watu hawachangii ila kwenye kula watakuwa wa kwanza. Shangazi, nililia dukani mbele ya mteja.

Basi nikakopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Niliandikiwa 300,000, marejesho 15,000 kila siku kwa siku 26. Nikaenda nyumbani na mzigo wa mchele, mafuta, vitenge, watoto nguo mpya. Siku ya Krismasi watoto wa kaka walibadilisha nguo mara tatu kwa ajili ya picha. Wa kwangu walikaa na ile sare mpaka usiku, sikuwa na la kuwabadilisha.

Tulirudi Dar tarehe 2 Januari. Tarehe 9 nilishindwa rejesho la nne mfululizo, wakaja watu watatu, wakabeba TV na jiko la gesi na mtungi wake. Binti yangu mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Walipoondoka akaniuliza: "Mama, kwa hiyo lile gauni la Krismasi ndiyo TV yetu?" Sikuwa na jibu mpaka leo. Lile deni nimelimaliza mwezi wa tano.

Mwaka huu tunavunja kikoba tarehe 20 Desemba, na kwa hesabu ya katibu nitapata 410,000. Wakati huohuo kodi inaisha Januari, na huyu binti anaingia kidato cha kwanza, sketi, mashati, viatu, sweta, begi na madaftari nimepiga 120,000. Krismasi nayo: mchango 150,000, sare za watu watatu 140,000, nauli ya watu watatu kwenda na kurudi 240,000, vitu vya Mama na majirani 120,000. Kaka na wifi wanatokea hapahapa Dar kila mwaka na watoto wao wawili kwa gari lao kubwa la viti saba, sisi tunagombania basi.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi ndiye ninayeuza hizo nguo. Gauni tulilokuwa tunauza 18,000 mwezi wa kumi, kuanzia tarehe 15 Desemba bosi anatuambia tuandike 30,000. Gauni lilelile. Mwezi huo tunafungua saa 1 asubuhi hadi saa 3 usiku bila kupumzika Jumapili, na tarehe 24 anatupa 20,000 ya soda.

Nimefikiria kudanganya kwamba nimenyimwa likizo. Au nikope tena kidogo tu, safari hii nilipe vizuri. Mama ana miaka 74, na kila nikimpigia anauliza wajukuu wanakuja lini. Nifanyeje?

Mimi Msichana wa Dukani, Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Usidanganye kuhusu likizo, na usikope hata shilingi. Hayo nayatanguliza ili hata ukiishia hapa uwe na la kushika. Sasa vuta kiti.

Nimejumlisha namba zako. Krismasi uliyoiandika inafika 650,000, yaani karibu mishahara yako mitatu, kwa siku chache za kuwa nyumbani. Januari yako inadai 420,000, na kikoba kitakupa 410,000. Kwa maneno mengine, zile fedha za kikoba zimeshapata mwenyewe kabla hujazishika: ni za mwenye nyumba na za binti yako. Ulizikusanya hisa kwa hisa mwaka mzima, bila shaka kuna wiki ulikula ugali na mchicha ili usikose kikao. Tarehe 20 mkishagawana, nenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba, umlipe, akuandikie. Usilale nazo. Hela ya Desemba ikilala ndani usiku mmoja inapata wageni.

Turudi kwenye ule mkopo, kwa sababu umeniandikia "kidogo tu" na neno hilo limenitisha. Ulipewa 300,000, ukatakiwa kurudisha 390,000 ndani ya siku 26. Hiyo ni asilimia 30 kwa muda usiofika mwezi. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni kikomo cha riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho, 300,000 ingekudai riba ya 10,500. Wewe ulidaiwa 90,000. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kukopesha watu kama biashara kunahitaji leseni, na hakuna leseni inayompa mtu ruhusa ya kuingia chumbani kwako na kubeba jiko kwa sababu tu umechelewa siku nne. Usije ukampa mtu wa namna hiyo kitambulisho chako cha NIDA wala kadi ya benki akae nayo. Na kama shoga yako atakuelekeza kwenye programu za mikopo ya simu, kumbuka kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali chake. Nyingi za namna hiyo silaha yao ni aibu: ukichelewa wanawatumia ujumbe watu waliomo kwenye simu yako, mpaka mchungaji.

Sasa nikuonyeshe kitu ambacho wewe unakiona kila siku dukani kuliko mimi. Lile gauni la 18,000. Nani alilinunua Oktoba? Mwenye akiba, ambaye hela haimsubirishi. Anayengoja kikoba kivunjwe au mshahara utoke anafika kwako tarehe 20 au 23 na kulikuta 30,000. Na kama hela yenyewe ameitoa kwa kausha damu, basi gauni hilo limemgharimu 39,000. Mwenye nacho amelipa 18,000, asiye nacho amelipa zaidi ya mara mbili, kitambaa kimoja, fundi mmoja, kontena moja. Ukiwa nyuma ya kaunta unawaona wale akina mama wanaohesabu noti za elfu mbili mbili. Mwaka jana ulikuwa mmoja wao. Nakuandikia hivi ili ile aibu uliyobeba miezi mitano uiweke chini, maana umejiona mjinga na mimi sikuoni hivyo. Uliuziwa sikukuu kwa bei ya waliochelewa kupata hela, na waliochelewa kupata hela ndio wengi wa mji huu.

Mchango wa kaka yako una tatizo hilohilo. Kwa macho ya kundi la WhatsApp, 150,000 kwa kila mtu ni haki, maana wote sawa. Lakini kwako ni zaidi ya theluthi mbili ya mshahara wa mwezi. Kwa mtu mwenye kampuni bandarini pengine ni mafuta ya gari ya safari hiyo. Mimi niliolewa Machame mwaka 1988, ndafu nimewala na mbege nimeukoroga, na nyama ya mbuzi huko mlimani niliikuta na mgawanyo wake: mzee ana kipande chake, shangazi ana chake, wakwe wana chao. Hakuna aliyeulizwa alichanga ngapi kabla ya kukabidhiwa. Mwenye zizi alitoa mnyama, mwenye mgomba alitoa ndizi, binti wa nyumbani alitoa mikono yake. Huyo mbuzi alikuwa njia ya kumwambia kila mtu nafasi yake kwenye ukoo. Leo alama ya vema inatumika kumwambia mtu hana nafasi. Hapo kaka yako amepotoka, na maneno aliyoyaandika mwaka jana hayakuwa ya kaka. Kama ni suala la jani la isale, lile Wachaga wanalobeba kuomba msamaha, yeye ndiye wa kulibeba kuja kwako.

Lakini, mwanangu, je, anajua?

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali uliposema umemwambia Kaka hali yako. Sijapaona. Umekopa, umenyang'anywa jiko, umelipa mpaka Mei, na ndugu zako watatu hawajui. Mbele yao ulishuka na gunia la mchele na vitenge kama mtu ambaye mambo yake yamenyooka. Yeye anakuona hivyo na kukuandikia 150,000 bila kusita. Halafu yule mdogo wenu wa bodaboda Himo, ambaye pengine mwaka jana alilipa. Umejiuliza alitoa wapi? Mpigie yeye kwanza, usiku wa leo. Mwambie ukweli wako kabla hujamuuliza wake. Sitashangaa ukikuta na yeye alikopa, pengine kwa kuweka rehani kadi ya pikipiki, mkakutana pale chini ya turubai mnacheka, kila mmoja akidhani mwenzake anaweza.

Halafu mpigie Kaka. Piga simu, usiandike kwenye kundi, na usimpitishie kwa wifi. Pengine maneno kama haya yatakusaidia kuanza: "Shikamoo Kaka. Nakupigia mapema kwa sababu nakuheshimu. Mwaka jana mchango niliutoa kwa mkopo wa riba, Januari wakaja kuchukua TV na jiko mbele ya watoto. Mwaka huu sitaweza 150,000. Naweza 20,000 na mikono yangu: ndizi nitamenya, vyombo nitaosha, wageni nitawahudumia. Sare sitaweza, tutavaa nguo zetu safi. Na ninakuomba kitu kimoja, wanangu wapande kwenye gari lako."

Hilo la gari ndilo lililonishika kuliko yote uliyoandika. Viti saba, wao wanne. Umelitaja kama jambo la kawaida kabisa, sentensi moja, kisha ukaendelea. Kaka wa tumbo moja anatoka Dar hiyohiyo, anapita barabara ileile, anafika mji uleule na viti vitatu vitupu, na nyuma yake dada yake amepakata mtoto kwenye basi la nauli ya kukopa. Hujawahi kuomba, naye hajawahi kufikiri. Shule zinafungwa mapema Desemba, watoto wako wanaweza kuondoka naye hata tarehe 21. Wewe unamaliza dukani tarehe 24 na kupanda basi peke yako, na kurudi mnarudi naye wote. Ile 240,000 inashuka mpaka tiketi moja. Tiketi hiyo ikate mapema, iandikwe kiasi ulicholipa hasa, na ukitozwa juu ya kiwango cha LATRA, mamlaka inayopanga nauli, usinyamaze, maana mwezi huo wapiga debe wanajitungia bei. Kuna pia treni, Shirika la Reli (TRC) walirudisha safari za Moshi Desemba 2019 baada ya miaka 25. Mwendo wake ni wa taratibu na haitoki kila siku, hivyo uliza ratiba kabla ya kuitegemea.

Akikataa je? Akikataa utakuwa umejua, na utampigia Mama umwambie hivyohivyo ulivyo: mwaka huu nalipa kodi na kumpeleka mjukuu wako sekondari, nitakuja Pasaka nauli zikiwa zimetulia. Mama wa miaka 74 aliyelea watoto wanne kwenye kihamba, shamba la ukoo, anajua njaa ya baada ya sikukuu kuliko sisi wote. Atakulilia kidogo. Uongo wa likizo ungemliza zaidi siku atakapousikia kwa mtu mwingine, na kijijini kwenu mtu mwingine hakosekani.

Sasa kazi yako. Hapa nimekasirika kwa niaba yako. Unasema saa 1 asubuhi hadi saa 3 usiku, Jumapili pia, halafu 20,000 ya soda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na pumziko la saa 24 mfululizo kila wiki. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu, na ukifanya kazi siku ya sikukuu ya umma, kama tarehe 9 Desemba, saa zake zinalipwa mara mbili. Hata saa za ziada zenyewe zina kikomo, 50 kwa kila wiki nne. Kwa mshahara wako saa moja ni kama 1,128, na ya ziada ni kama 1,690. Hizo saa 50 peke yake ni zaidi ya 84,000. Kwa ratiba unayoieleza, kati ya tarehe 1 na 24 hukosi saa 120 za ziada, ambazo hata kuzidai tu ni kukiri kwamba sheria ilishavunjwa, na thamani yake ni karibu mshahara wako mzima mwingine. Wewe ulikwenda kukopa 300,000 kwa riba wakati mtu uliyeshinda dukani kwake mchana na usiku alikuwa na hela yako mfukoni.

Sijasahau unaishi wapi. Najua Kariakoo ukimwambia bosi "sheria" kesho anaweka msichana mwingine, hata mkataba pengine huna. Kwa hiyo enenda kwa akili. Nunua kadaftari, kuanzia tarehe 1 andika saa ya kuingia na ya kutoka kila siku. Zungumza na wenzako wa dukani, muwe watatu. Mwombeni posho ya saa za ziada mapema, kwenye tarehe 5 hivi, mzigo ukiwa umeshuka na wateja wanaanza kujaa, kwa sababu tarehe 5 Desemba anawahitaji kuliko atakavyowahitaji tarehe 5 Januari. Ombeni kwa adabu, kiasi kinachosemeka. Akitoa 60,000 badala ya 20,000, tayari nauli yako imo na sukari ya Mama imo. Akigoma, daftari litunze. Malalamiko ya malipo yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na uamuzi wa kwenda au kutokwenda ni wako, mimi sitakusukuma kwenye vita ambayo mkate wa kuilipia ni wako.

Nimemwacha binti yako mwisho kwa makusudi.

Aliuliza swali la mtu mzima na akajibiwa kwa ukimya, na amekaa na ukimya huo karibu mwaka. Usiku mmoja wiki hii, mdogo wake akilala, mkalishe kitandani, umfungulie hesabu. Mwambie: ndiyo mwanangu, lile gauni ndiyo ilikuwa TV, na jiko pia, na nilifanya hivyo kwa sababu niliogopa wewe na mdogo wako mtaonekana wanyonge mbele ya watoto wa mjomba. Mwonyeshe mshahara, kodi, nauli ya daladala. Mwonyeshe 120,000 iliyoandikwa jina lake. Mweleze ada ya shule ya serikali iliondolewa mwaka 2016 lakini sketi na viatu bado ni vya mzazi, na mama yake ameviweka mbele ya ndafu. Mtoto wa miaka 13 anaweza kubeba ukweli huo. Kisichobebeka ni kuona watu watatu wanatoka na jiko na hakuna anayesema kwa nini.

Utaona atakavyokwenda Kibosho akiwa na gauni lake la mwaka jana. Watoto wa mjomba watabadilisha mara tatu, waache wabadilishe, ni watoto na hawana kosa. Wako atakuwa na kitu cha kumwambia bibi yake ambacho hakimo kwenye picha yoyote: kwamba sare ya shule imeshanunuliwa, imekunjwa kwenye begi, Mbagala, kodi imelipwa.

Hiyo sketi inunue kabla ya Januari, maduka ya sare nayo yanapandisha bei wiki ya shule kufunguliwa, hilo unalijua kuliko mimi. Chukua namba moja juu, upindo ushonwe mpana, maana kidato cha kwanza wanarefuka haraka. Na ukishazungumza na Kaka, niandikie amesemaje kuhusu viti.

Shangazi yako